Aliyelala Haamshwi

Siku aliyoamua kumrudia mumewe, Sindano aliamka kabla ya mama yake, akaoga, akakunja nguo zake chache kwenye begi la turubai alilolishona mwenyewe, kisha akaketi kitandani kungoja nyumba iamke ili aanze kusemwa. Kusemwa alijua hakukwepeki. Kwao walikuwa watu watatu tu, lakini kwa maneno ungedhani ni ukoo mzima umehamia.

Na kweli, kaka yake alipoliona lile begi hakuigusa chai yake. Kaka huyu alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kutoa neno moja moja kwa shida, ila asubuhi hiyo alifunguka. Aliuliza kama dada yake ana akili timamu. Aliuliza kama damu aliyoimwaga baharini haikutosha, au anataka kwenda kumalizia na roho. Akakumbusha kwamba yeye alisema tangu siku ya posa: mwanaume asiye na mlango si mtu wa kumpa dada. Ndugu wakija kuwatembelea watabisha hodi wapi, kwenye wimbi?

Sindano alisikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwamba kosa lilikuwa lake, si la mumewe. Mtu amelala, ataletewaje mashtaka? Angeamshwa angeamka. Hakuamshwa.

Mama yao alikuwa kwenye jiko akigeuza mkate, amewapa mgongo. Tangu binti aletwe nyumbani, hana rangi na hana sauti, mama huyu alikuwa amemkanda, amemlisha, amemfulia, na hakumuuliza hata swali moja. Majirani waliiita busara. Wapi, ilikuwa woga mtupu. Kuna jambo alitaka kuliuliza, na kila akifungua mdomo aliona bora aulize kama chumvi imekolea.

"Tutakusindikiza," ndilo alilosema asubuhi hiyo. "Nitakaa pale gatini mpaka nione tanga limepanda."

Basi wakaenda wote watatu, kaka kabeba begi, amenuna.

Nikwambie kwanza hawa wawili walivyopatana, usije ukadhani Sindano alikuwa msichana wa kupenda maji. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Alikuwa na duka jembamba lenye sanamu tatu za kuvalishia dirishani, na bahari aliiona siku za sikukuu tu, kwa mbali, amekunja suruali asilowe. Siku moja akaingia jamaa mrefu ananuka chumvi, begani kabeba tanga lililochanika, tanga zito lililoziba mlango mpaka bibi harusi mtarajiwa akashindwa kutoka. Akauliza kama watamshonea. Fundi akamjibu kwamba hapa wanawashonea maharusi.

"Basi hata huyu ni bibi harusi," yule jamaa akasema, akilitua tanga lake sakafuni. "Ila amechakaa kidogo."

Fundi akacheka. Na mwanamke akishacheka na mteja, bei imeshashuka. Alizitoa sanamu zake nje, akalitandaza lile tanga duka zima, akalishona kwa magoti, na yule jamaa akawa anakuja kila siku kuuliza kama limekwisha ingawa tarehe aliambiwa na aliisikia. Siku ya kumkabidhi alimwomba aende akalione likipandishwa. Fundi alikwenda. Akaona mishono yake imejaa upepo na boti nzima inavutwa nayo. Magauni yote aliyowahi kushona yalivaliwa siku moja yakafungiwa kabatini. Hii ilikuwa nguo yake ya kwanza aliyoiona inafanya kazi. Kaka yake anasema pale ndipo akili ilipomtoka. Mimi nasema pale ndipo alipopenda.

Mumewe alimwita Sindano. Mume naye, kwao Sindano walimwita Baharia, na walivyolitamka ungedhani ni jina la ugonjwa. Waliishi kwenye ile boti miaka, wakizunguka visiwa vya joto, wawili peke yao. Baharia alipiga mbizi kukwangua matumbo ya boti za watu na kuwatengenezea injini; Sindano alikaa ufukweni na sindano nene na uzi wa nta akiwashonea matanga. Walioga maji ya mvua yaliyokingwa na turubai. Walinyoana nywele wao kwa wao, na zikiharibika walivaa kofia. Visiwa vyenyewe Sindano alivijua kwa maji ya kufulia: hiki sabuni inatoa povu, kile haitoi hata umwage kopo zima. Walikuwa na furaha, jamani, isiwe kwamba nawasingizia. Kuna jioni walikaa juu ya sitaha wameegemeana migongo bila kusema kitu, na kila mmoja alijua mwenzake anatabasamu.

Lakini kulikuwa na zamu. Watu wa nchi kavu wakisikia mume na mke peke yao kwenye boti, huanza kuwaza mambo yao. Hawajui kwamba safari ikiwa ndefu, siku nne au tano bila kuona ardhi, lazima mmoja awe macho kwenye usukani wakati wote, na mwingine alale ili aje apokee. Kitanda kilikuwa kimoja na hakikupoa, ila si kwa sababu unayoidhania. Huyu akiamka, yule anajilaza palepale penye joto la mwenzake. Walikutana kwenye ngazi tu, mmoja anapanda, mmoja anashuka. Upepo unatoka huku, kuna meli ilipita kule, chai iko kwenye chupa. Busu moja la chumvi, basi, mpaka zamu ijayo.

Mwaka wa kwanza Sindano alimwamsha mumewe kwa kila kitu. Kwa wingu. Kwa ndege aliyetua juu ya mlingoti. Kwa taa ya meli ambayo ilikuwa nyota. Yule bwana akachoka hadi akasinzia akiwa kasimama usukanini, na boti ikagusa mwamba, nusura waangamie. Ndipo wakaweka sheria. Baharia akaitia utani, akasema wahenga walishasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Anayelala haamshwi ila kwa mambo matatu: meli iko mbele, upepo umegeuka, au maji yanaingia. Sindano akaishika sheria ile kwa moyo wote, maana ilikuwa njia yake ya kumpenda. Alijifunza kutembea juu ya sitaha bila kishindo. Akipiga chafya, aliizima kwenye kiwiko.

Sasa, ile safari ya mwisho alikuwa na habari tumboni. Alikuwa na hakika nayo, na hajamwambia mumewe, kwa sababu habari kama ile haisemwi kwenye ngazi mmoja anapanda na mwingine anashuka. Alitaka watie nanga kwanza, wawe macho wote wawili. Siku ya tatu, mchana kweupe, yuko kwenye usukani na mumewe amelala chini, tumbo likamkata. Akadhani litapita. Halikupita. Damu ikaja, na Sindano akatazama mbele: hakuna meli. Akatazama tanga: upepo uleule. Akatazama sakafuni: maji hayaingii. Damu haikuwemo kwenye yale mambo matatu. Akaubana usukani kwa magoti, akakaa na zamu yake.

Mumewe alipopanda kupokea, alimkuta kaegemea pembeni, godoro la kukalia limelowa. Walifika kisiwani kesho yake. Muuguzi wa zahanati alisema mimba imeshatoka, na kilichobaki ni kumtunza mama. Baharia akamleta kwa mama yake, akamkabidhi mlangoni, na kaka mtu akamfungia mlango usoni.

Hiyo ndiyo habari yao. Na sasa Sindano amesimama gatini anamwona mumewe anakuja na mtumbwi wao wa mpira, anapiga makasia kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na moyo wake unamwenda mbio kama wa msichana aliyeitwa jina lake mbele za watu. Baharia alikuwa amekonda. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidevuni. Alimwamkia mama mkwe, mama akaitikia. Alimsalimu shemeji yake, shemeji akaliangusha begi mtumbwini kwa jibu. Sindano akashuka. Hawakushikana hata mkono, kwa kuwaheshimu waliosimama pale juu, ila macho yao yalifanya ambayo mikono ilinyimwa.

Walipofika kwenye boti, alikuta imesuguliwa mpaka imekuwa ngeni. Lile godoro la kukalia usukanini halikuwepo. Mahali pake palikuwa na jipya, la kitambaa cha buluu, limeshonwa na mtu asiyejua kushona. Nyuzi zimepishana, pembe moja imefura na nyingine imesinyaa. Sindano aliipapasa ile mishono kwa kidole. Alikuwa ameshawafukuza wanafunzi wake kwa mishono mizuri kuliko hii.

"Nani huyu kakushonea?" aliuliza, ingawa alijua.

"Fundi mmoja hivi," Baharia akajibu. "Nilimpata kwa shida."

Sindano alicheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe, maana alidhani kimekwisha. Mumewe akapata nguvu. Akamwambia asogee aone jambo. Kutoka usukanini alikuwa ameipitisha kamba nyembamba kwenye vipete, ikashuka kwenye ngazi, ikaenda hadi kitandani, na njiani akaning'iniza kengele. Alimweleza kwamba mwisho wa ile kamba ataufunga kwenye kidole gumba cha mguu kila atakapolala. Kengele isipomwamsha, kidole kitamwamsha. Kidole kisipomwamsha, basi ni kwamba kimeng'oka.

"Na ile sheria yetu?"

"Nimeifuta. Vuta kwa lolote. Ukiona ndege, vuta. Ukijisikia upweke, vuta. Mimi nitapanda."

Sindano akaishika ile kamba na machozi yakamtoka, machozi mepesi yasiyouma. Akamwambia yale aliyojipangia usiku na mchana kwa mama yake: kwamba asijilaumu, kwamba kosa lilikuwa lake yeye. Alikaa na maumivu hatua nne tu kutoka kwa mumewe, akashindwa kunyoosha mguu kupiga sakafu. Alikuwa mjinga. Aliwatesa wote wawili. Baharia akamkumbatia kichwa, akasema yaliyopita si ndwele, wasilaumiane. Akambusu utosini. Akiwa bado kamkumbatia, kwa sauti ya kubembeleza, akaendelea:

"Ila siku nyingine ukiumwa, mke wangu, usikae pale juu unamwita mama. Maskini mama wa watu yuko mbali, hawezi kukusikia. Nivute mimi."

Sindano alikuwa bado anatabasamu. Neno lilichelewa kumfikia. Lilipofika, alijitoa taratibu mikononi mwake, akamtazama.

"Mimi nilimwita mama?"

"Eh?"

"Umesema nisikae namwita mama. Nani kakwambia nilimwita mama?"

Baharia akasema si alimwambia mwenyewe. Alimwambia kule zahanati, pengine hakumbuki, kwa zile dawa. Sindano akafikiri. Kule zahanati mumewe aliketi nje kwenye ngazi hadi mwisho, wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Na jambo hilo hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mama mwenyewe. Aliona aibu, mwanamke mzima, bingwa wa kuvuka bahari, kumwita mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Tena hakuita kwa sauti. Aliita ndani ya taulo.

"Uliamka saa ngapi?"

"Sindano."

"Nimekuuliza."

Baharia aliketi kwenye ngazi, kati ya juu na chini. Mikono yake mikubwa iliyojua kila fundo alikuwa hajui aiweke wapi.

"Sikujua kama ni damu," alisema. "Naapa kwa Mungu, ningejua ni damu ningepanda mbio. Nilisikia unalia tu."

"Ukasikia nalia tu."

"Wiki ile ulishaniambia umechoka na maji. Ulisema unataka nyumba yenye mlango, hukumbuki? Ulisema ukalala, mimi sikulala. Sasa nakusikia unalia, unamwita mama, nikasema basi, leo ndiyo leo. Nikipanda ataniambia nimrudishe kwao. Na ungeniambia, ningekurudisha. Mimi ukinitazama usoni sina la kukunyima. Kwa hiyo nikalala."

"Hukulala."

"Nikajilaza."

"Ukafanya nini?"

Mashua ya injini ilipita mbali kidogo, boti ikayumba, na ile kengele ikalia yenyewe mara moja.

"Nikaweka mto sikioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uliponyamaza."

Hapo angeishia, na mimi ningemshauri aishie. Lakini mtu akishaanza kusema kweli baada ya kuificha, huwa hajui pa kukatia.

"Nikashukuru Mungu," akasema. "Nikasema, amepoa."

Sindano aliijua vizuri ile dakika aliyonyamaza. Alinyamaza kwa sababu kilichokuwa kinamuuma kilikuwa kimeshamtoka na hapakuwa na cha kulilia kwa sauti tena. Dakika hiyohiyo, hatua nne chini yake, mumewe alikuwa anashukuru. Aliwaza hilo, akakaa kwenye lile godoro la mishono mibaya kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Mimi niliuma taulo," alisema polepole. "Niliuma taulo nisikuamshe. Nilikuwa naulinda usingizi wako."

Baharia akaficha uso mikononi, akalia. Alilia vibaya, kwa mabega, na Sindano alimtazama akitaka kwenda kumshika na asiweze kuinuka. Mwanaume huyu hakuwa katili. Angekuwa katili kazi ingekuwa nyepesi, angemtukana, angemrushia kopo, na kaka yake angemalizia. Aliogopa kuachwa, ndiyo yote, na kwa kuogopa kuachwa alimwacha.

Alipopata sauti, Baharia alisema mengi. Alisema ataiuza boti kesho, watapanga nyumba popote atakapo, nyumba yenye mlango, hata milango kumi. Atatafuta kazi ya gereji. Watapata mtoto mwingine. Atakesha. Hatalala tena maisha yake yote, Sindano akitaka hivyo. Asubuhi ya siku hiyo, angemwambia kuhusu kuiuza boti, Sindano angemkatalia kwa mapenzi, angemwambia wewe bila maji utakauka. Sasa aliona anamsikiliza mtu anayempa zawadi nzurinzuri kwenye msiba.

"Hunipendi tena?" Baharia aliuliza mwishoni.

"Nakupenda. Ndiyo tabu yenyewe."

"Basi kaa. Nipige, ninyime neno mwaka mzima, lakini kaa."

"Ungekuwa umelala, ningezunguka nawe dunia nzima mara ya pili. Nilishajisamehe kwa ajili yako, unajua? Nilikuja na begi. Lakini sasa kila utakapofumba macho nitajiuliza kama umelala. Hata nyumbani, hata kwenye kitanda chenye miguu minne. Nitakuwa nakutazama kope. Siwezi, mume wangu. Hata wewe hutaweza kutazamwa hivyo."

Baharia akaitazama ile kamba ya kengele.

"Nirudishe," Sindano akasema.

Aliposema hivyo alimtazama usoni, na yule bwana, kama alivyosema mwenyewe, hakuwa na la kumnyima.

Sasa ona adhabu ya watu wa boti. Wengine wakigombana, mmoja anatoka na kubamiza mlango. Hawa hata kuachana ilibidi wasaidiane. Baharia alimshikia mtumbwi usiyumbe. Alimshushia begi. Akaketi kwenye makasia. Na mpiga makasia, kama ulikuwa hujui, huenda kinyumenyume, ameupa mgongo ufukwe na uso wake umeelekea kwa abiria, magoti karibu yagusane. Njia nzima wakawa wanatazamana, hakuna pa kugeukia. Yeye haoni aendako, kwa hiyo anayeketi nyuma humwelekeza, na Sindano alimwelekeza, maana maboya na kamba za watu hazijui kama mmeachana.

"Kulia," alisema. Baadaye kidogo, "Kulia tena." Na walipokaribia nguzo za gati, "Basi."

Mama na kaka walikuwa palepale. Kaka aliona begi linarudi, akainama akalipokea bila kuuliza, na usoni mwake mlikuwa na nafuu aliyojaribu kuificha. Akamvuta dada yake juu. Baharia alibaki mtumbwini, ameshika ngazi ya gati kwa mkono mmoja asichukuliwe na maji. Hakuondoka. Labda alingoja kuambiwa neno, labda mkono ulikataa kuachia.

Mama alitoka kwenye kivuli cha kibanda, akaja hadi kwa binti yake. Alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akaitazama ile michirizi ya machozi. Akamtazama na yule kijana kule chini, macho mekundu, kidevu kina jeraha la wembe. Na ule woga aliokuwa nao tangu siku ya kwanza ukamtoka, au alichoka kuubeba.

"Nilikuwa sitaki kukuuliza," alisema. "Leo nakuuliza. Siku ile, mumeo alikuwa amelala kweli?"

Kaka naye akageuka kusikiliza. Mikono ya fundi majokofu ni mizito, na kutoka gatini hadi mtumbwini ni kuruka tu. Sindano aliiona ile mikono. Alimwona na mumewe amemwinulia uso, hapepesi, anangoja ahukumiwe. Angesema neno moja tu, mambo yote yangeeleweka: kwa nini anarudi na begi, kwa nini hatakanyaga tena ile boti, kwa nini usiku huo atalia na usiku mwingine pia. Lakini alimpenda, na huwezi kumvua nguo mtu unayempenda mbele ya ndugu zako.

"Alikuwa amelala, mama," alisema. "Fofofo."

Mama akashusha pumzi ndefu. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamkaba siku zote hizo, na sasa limetoka, akaonekana mtu mwingine, mwepesi. Akampangusa binti yake machozi kwa kiganja.

"Sasa mwanangu, unamwachia nini mwenzio? Usingizi ni nusu ya mauti. Aliyelala hana kosa, hata Mungu hamwandikii. Mimi nilimchukia kijana wa watu bure." Akasogea ukingoni mwa gati, akainama kwa shida, mkono kiunoni, akamsemesha Baharia mwenyewe. "Baba, nisamehe. Nilikuwa na mawazo mabaya juu yako. Wewe ulikuwa umelala. Funga huo mtumbwi uje nyumbani ule, mtazungumza, mtaelewana. Mimi nitakuwa upande wako."

Sindano akasimama nyuma ya mama yake, akamtazama mumewe. Hakumkonyeza, hakumtikisia kichwa. Alimwachia tu nafasi. Yeye alikuwa amedanganya kwa ajili yake; lililobaki lilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Akisema, "Mama, mimi sikulala," basi hata kaka mtu akamtumbukiza majini, Sindano alijua atajitupa nyuma yake. Alijua hivyo kwa mwili mzima. Moyo ulianza tena kumwenda mbio, akajichukia kwa kutumaini, na akatumaini.

Baharia alimtazama mama mkwe wake. Akamtazama mkewe. Kisha akainamisha kichwa.

"Asante, mama," alisema.

Sindano akalichukua begi lake mkononi mwa kaka yake, akatangulia barabarani bila kuwangoja.